Kopo la Dawa ya Viatu Mlangoni kwa Makamu

Jumanne ya wiki ya saba ya muhula, saa nne na dakika ishirini asubuhi, mwalimu wa hesabu akiwa anatueleza kwa mara ya tatu jambo ambalo yeye mwenyewe alikuwa bado hajalielewa, ukuta wa ofisi ya makamu mkuu wa shule ulitoa mlio mkubwa hata kunguru wote wa paa la bwalo wakahama. Dirisha la ofisi lilipasuka. Ua la plastiki lililokuwa kwenye chungu nje ya mlango lilikatika shingo. Hakuna aliyeumia, na hilo lilimuuma sana makamu, maana balaa lisilo na majeruhi ni vigumu kulitolea hotuba ndefu. Aliitoa hivyo hivyo. Dakika hamsini, juani.

Niseme mapema kilichopasuka, ili msomaji asipoteze muda kama tulivyopoteza sisi. Ni mtungi wa kuzimia moto. Ulikuwa umening'inia kwenye ukuta ule, upande unaopigwa na jua kutwa, tangu kabla sijazaliwa, ukiliwa na kutu chini kama jino bovu. Baada ya mlio, vipande vya chuma chekundu vilitapakaa uani, vumbi jeupe likafunika kila kitu, na ukutani pakabaki ndoano tupu, na chini yake alama ya rangi isiyopauka yenye umbo la mtungi kabisa. Mtoto wa chekechea angeonyesha kwa kidole. Mwalimu wa kemia, mtu mpole anayeongea kama anayeomba chumvi ugenini, alisema, "Nadhani ni mtungi, Mwalimu." Makamu akamtazama viatu.

Sababu ya makamu kutokuuona mtungi ilikuwa kadi. Kila mtungi shuleni una kadi ya ukaguzi, na kila mwaka makamu husaini kwamba ameukagua. Mtungi uliokaguliwa haupasuki. Kwa hiyo haukupasuka. Kwa hiyo lilikuwa bomu. Hivi ndivyo wanavyofikiri watu wenye ofisi, na sisi tunalipiwa ada tukae miguuni pao tujifunze.

Jina lake la utani lilikuwa Bwana Mng'aro. Shule yetu ni ya wasichana, ya bweni, yenye wanafunzi mia nne na viatu mia nane, na makamu alivijua viatu kuliko wanafunzi. Nje ya mlango wa ofisi yake aliweka kiti, na juu ya kiti kopo la dawa ya viatu lenye ukubwa wa sahani. Hakuna mwanafunzi aliyeingia bila kupaka kwanza. Hata anayekuja kufukuzwa shule alipaswa kufukuzwa aking'aa. Brashi ilikuwa imeisha nywele zamani, tukawa tunapaka kwa vidole. Dawa yenyewe ilinunuliwa kwa jumla mahali fulani pa bei rahisi, kopo halina hata lebo, na ilinukia utamu mzito wa lozi ambao ulikaa vidoleni siku mbili hata ukisugua kwa majivu.

Sasa nieleze karatasi.

Wiki ya tatu ya muhula huo, shangazi yangu, dada yake baba, alialikwa kuja kutuzungumzia kazi yake. Ni mkemia. Anatengeneza karatasi ndogo, upana wa kidole, zilizopakwa kitu ambacho ukikimulika kwa taa ya mwanga wa zambarau kinawaka kijani, kijani cha kutisha kama macho ya paka. Karatasi hiyo ikigusa chembe za vilipuzi, hata chembe usizoweza kuziona, mwanga unazimika. "Fikirini kila chembe ya kile kitu kwenye karatasi imeshika tochi," alisema shangazi. "Kemikali nyingi za mlipuko ni wezi wa tochi. Zinakuja, zinapora, giza." Watu wanaosafisha mashamba yaliyojaa mabomu ya vita vya zamani ndio wanaozitumia. Alituonyesha ilivyo, tukashangaa, mmoja akauliza kama inaweza kupima wanaume waongo, shangazi akasema kwa hilo hahitaji maabara.

Alimwachia mwalimu wa kemia kisanduku cha karatasi sitini, taa moja, na ukurasa wa maelekezo. Jumatano, siku moja baada ya mlio, makamu aliingia maabara akachukua kisanduku na taa. Ukurasa wa maelekezo aliuacha mezani. Maelekezo ni ya wasiojua.

Aliandaa orodha ya washukiwa kumi na wanne. Mimi nilikuwa namba moja. Sitasema uongo, nilihisi fahari kidogo. Mtu aliyewahi kuivika soksi kengele ya shule, na kuwaandikia walimu wote barua ya mapenzi kutoka kwa mpishi, anatarajia heshima yake.

Namba kumi na nne iliongezwa kwa kalamu ya rangi nyingine. Alikuwa jirani yangu wa kitanda. Shule nzima inamwita Baruti, na aliyempa jina hilo ni mimi, siku ya pili ya kidato cha kwanza, nilipomuuliza baba yake anafanya kazi gani naye akasema hulipua miamba kwenye machimbo ya mawe. Ni msichana anayeomba radhi akikanyaga kivuli chako. Ndiyo maana jina lilichekesha. Lilichekesha miaka mitatu na zaidi, kisha likaingia kwenye jalada: "Anajulikana kwa jina la Baruti. Baba yake ni mlipuaji."

Na jalada ndilo lilikuwa kila kitu kwake. Mimi nikiharibikiwa, baba yangu atapiga kelele kisha atanitafutia shule nyingine. Baruti alikuwa na ufadhili wa kumpeleka chuo, ameupigania kwa alama zake mwenyewe, na sharti lake lilikuwa moja tu: jalada lisilo na doa hata moja. Mtihani wa mwisho ulikuwa umebaki wiki sita.

Tuliitwa mmoja mmoja. Mimi nikapaka viatu, nikaingia, nikanyoosha mikono. Makamu alikuwa amefunga mapazia na kuvaa miwani ya jua, sijui kwa nini, labda kwa heshima ya sayansi. Alinisugua karatasi kidoleni, akaimulika.

Ikazimika.

"Aha!" alisema.

Mshukiwa wa pili akapaka viatu, akaingia, ikazimika. Wa tatu hivyo hivyo. Hadi saa sita mchana tulikuwa walipuaji kumi na wanne. Mwenye akili angesita hapo. Angejiuliza mbona hata yule msichana wa kwaya anayelia akiona kuku amechinjwa naye amezimisha karatasi. Makamu hakusita. Alitoka barazani akiwa amevimba kama andazi.

"Mikono kumi na minne," alisema, "lakini kichwa kimoja!" Akamwelekezea kidole Baruti.

Mimi nikasimama. Niliona ni wajibu wangu. "Mwalimu, ni mimi."

"Wewe nini?"

"Ndimi kichwa. Nilipanga yote. Hawa niliwashawishi."

Akanitazama kwa huruma ya kweli, huruma ambayo sijamsamehe. "Wewe? Kaa chini. Hesabu tu ulipata kumi na moja kwa mia. Utaunda bomu wewe?"

Wenzangu wakacheka. Hata Baruti alitabasamu. Jioni hiyo akaambiwa afungashe vitu vyake, asilale bwenini, alale chumba cha wagonjwa mpaka Ijumaa, bodi ya shule itakapokaa. Baba yake ameshaitwa.

Nilimsaidia kubeba godoro. Mlangoni akaniuliza, "Hivi inawezekana kweli ninayo mikononi? Begi langu ni la baba. Analitumia kazini."

"Hata mimi imezimika, na baba yangu anauza bima."

"Wewe hawakuulizi baba yako."

Nikamtandikia godoro bila mzaha wowote. Ilikuwa mara ya kwanza, na sikupenda ladha yake.

Alhamisi alasiri nilikwenda kwa matroni. Simu yake hutumiwa Jumapili tu, kwa foleni, kila mtu dakika tatu, naye amekaa pembeni akisikiliza kila neno kama mchezo wa redio.

"Leo siyo Jumapili," alisema.

"Kuna msiba, mama."

"Nani amefariki?"

"Akili ya makamu. Ilikuwa inaumwa muda mrefu."

Akauma kanga yake ili asicheke. "Dakika tatu. Na mimi sijakuona."

Shangazi alipokea akiwa na sauti ya mtu aliyeinama juu ya kitu. Nikamweleza harakaharaka. Alinisikiliza hadi mwisho, jambo lililonitisha, maana si kawaida yake.

"Kabla ya kuwapima nyinyi," aliuliza, "alimulika karatasi ambayo haijagusa kitu?"

"Hapana."

"Alipima mtu asiyeshukiwa? Mpishi? Yeye mwenyewe?"

"Yeye mwenyewe, shangazi? Atajishukuje?"

"Sasa nisikilize, mwanangu. Karatasi haijui bomu. Inajua aina fulani ya kemikali, basi. Kumi na wanne wote mmegusa kitu kimoja. Kabla ya kupimwa mlishika nini?"

"Hatukushika kitu. Tulikuja tu, tukapaka viatu, tuka..."

Nikanusa vidole vyangu.

"Hiyo dawa ya viatu," alisema shangazi polepole, "inanukiaje?"

"Lozi. Lozi chungu, lakini tamu. Hadi unasikia kichwa kinauma."

Alitukana. Sitaandika alivyotukana, yeye ni mtu mzima na ana shahada tatu. Kisha akanieleza: kuna mafuta yenye harufu hiyo ambayo zamani yalitiwa kwenye dawa za viatu za bei ya chini. Ni sumu, yanapita kwenye ngozi, na kikemia ni ndugu wa vilipuzi kabisa, baba mmoja mama mmoja. Yanaiba tochi vizuri tu. "Nawe mwambie kila mtu anawe mikono kwa sabuni, na asiliguse tena hilo kopo. Nakuja kesho."

"Makamu hajakualika, shangazi."

"Karatasi ni zangu. Zimenialika zenyewe."

Matroni akachukua simu yake. Hakuniambia dakika zilikuwa saba. Aliniuliza tu, "Hiyo sumu, mikononi inatoka kwa ndimu?" kisha akaenda kusugua mikono yake. Alikuwa akipaka viatu vyake pale pale kila Jumatatu.

Ijumaa saa tatu bodi ilikaa kwenye chumba cha walimu. Walikuwa watu watano. Mwenyekiti ni muuza magodoro, ndiye aliyeiuzia shule magodoro tunayolalia, kwa hiyo tulimfahamu kwa migongo yetu. Wengine wanne kazi yao ilikuwa kukubaliana naye. Mkuu wa shule alikuwa kwenye semina; mkuu wetu huwa kwenye semina kama samaki anavyokuwa majini. Mimi niliitwa kama shahidi dhidi ya rafiki yangu, wazo la makamu, aliyeamini kwamba woga ungenifanya niseme chochote. Alikuwa sahihi kuhusu "chochote".

Mezani alipanga vielelezo. Vipande vya chuma chekundu kwenye sinia la chai. Karatasi kumi na nne kwenye bahasha. Taa. Na ripoti aliyoisoma akiwa amesimama, ikianza na maneno "Tangu enzi na enzi". Chumba kilikuwa na saa ya ukutani iliyosimama, kabati lenye vikombe vya michezo ambayo hatuichezi tena, na kupitia dirisha la jikoni sauti ya masufuria, kwa kuwa bodi hupikiwa chakula cha mchana ambacho sisi tunakijua kwa harufu tu.

Baruti alikaa kwenye benchi, mikono mapajani. Kando yake, karibu na mlango, alikaa baba yake. Mwanamume mfupi, mpana, shati limepigwa pasi mpaka linakata, kofia ameilaza gotini. Sikio lake moja halisikii vizuri, kazi imelichukua, kwa hiyo aligeuza kichwa kidogo kila mtu alipoongea, na hiyo ilimfanya aonekane kama mtu anayesikiliza kwa makini zaidi kuliko wote. Na ndivyo ilivyokuwa. Tangu asubuhi hakuna aliyemuuliza neno. Katika chumba kizima palikuwa na mtu mmoja tu aliyejua mlipuko ni kitu gani, naye walimpa kiti cha mlangoni.

Makamu alikuwa amefika kwenye "jina lenyewe linajieleza" mlango ulipofunguliwa na shangazi akaingia, begi begani, ndala miguuni. Makamu aliziangalia zile ndala kama mtu aliyeona nyoka kitandani.

"Samahani, mama, hiki ni kikao."

"Naona. Shikamoo, mzee," akamwamkia baba yake Baruti kwanza, kisha bodi. "Mimi ndiye niliyetengeneza hizo karatasi. Nimesikia zimetoa ushahidi. Nimekuja kusikiliza wanangu wamesema nini."

Mwenyekiti, ambaye alipenda mambo yakae rasmi, akasema kama ni mtaalamu basi ni vyema athibitishe. Makamu akafurahi. Masikini. Alimvutia shangazi kiti.

Shangazi alitoa karatasi mpya, akaimulika. Kijani. Akamwomba mwenyekiti kidole, akakisugua, akaimulika. Kijani. Mwenyekiti akapumua kama aliyesomewa majibu ya hospitali.

"Sasa, mwenyekiti, naomba uvae hii." Akampa glavu nyembamba. Akatoka barazani, akarudi na kopo la dawa ya viatu ameliweka juu ya gazeti. "Gusa hapa."

Mwenyekiti akagusa. Shangazi akasugua karatasi kwenye ile glavu, akamulika.

Giza.

"Hongera," alisema shangazi. "Umelipua shule."

Mmoja wa wale wanne akacheka, akaona hajafuatwa, akakohoa.

"Hiyo ni bahati mbaya," alisema makamu. "Kopo limechafuliwa. Wanafunzi wamelichafua. Njama!"

"Basi tupime wewe. Umelichafua lini?"

Makamu akaficha mikono nyuma, kama tunavyofanya sisi tukiulizwa kuhusu kucha. Hakulazimishwa. Hakuna aliyehitaji kumpima. Viatu vyake viling'aa kuliko taa.

Kisha yakatokea ambayo sikuyapanga. Baba yake Baruti alisimama, akainua mkono, kama mwanafunzi.

"Mnaweza kunipima na mimi," alisema. "Ili msije mkasema nimefichwa. Lakini nawaambia mapema, yangu itazimika."

"Mzee, si lazima," alisema shangazi.

"Pima tu, mama."

Alinyoosha mkono. Vidole vinne, cha tano kilibaki machimboni. Shangazi akasugua, akamulika. Karatasi ilizimika kabisa, kama mtu aliyezima mshumaa kwa mate.

"Mnaona!" makamu aliruka juu. "Mnaona! Damu haipotei!"

"Naona karatasi inafanya kazi," alisema shangazi. "Mtu anashika baruti kila siku, imesema ameshika baruti. Kuna aliyebisha? Karatasi inasema ulichogusa. Haisemi ulichofanya. Hilo limeandikwa kwenye maelekezo, mstari wa kwanza. Uliyasoma?"

Makamu akapekua ripoti yake, labda alidhani maelekezo yamo humo.

Yule mzee alikuwa bado amesimama. Alikuwa anatazama sinia. "Naomba nishike," alisema, na bila kusubiri akachukua kipande cha chuma, akakigeuza, akakinusa, akapitisha kidole gumba ukingoni. Kuna namna mtu anavyoshika kitu anachokijua.

"Miaka kumi na tisa nalipua," alisema. "Baruti ikila chuma, inakiunguza. Inaacha masizi, inaacha harufu, inakitafuna pembeni. Hiki hakijaungua popote. Kimefunguka kwenye mshono, hapa, palipoliwa na kutu. Hiki kimebanwa na hewa ya ndani mpaka kikachoka. Ni mtungi tu huu." Akakirudisha taratibu. "Nilivyokuwa naingia nimeiona ndoano yake. Na kadi yake imebaki ukutani. Imesainiwa mwezi wa kwanza."

Wote watano wakageuza vichwa kwa makamu.

"Niliukagua," alisema makamu. Kisha, kwa sauti ndogo ambayo hatukuwahi kuijua, "kwa mbali."

Mwenye kusoma haya atadhani mambo yaliishia hapo. Hata mimi nilidhani. Nilikuwa nimeshaanza kujiandalia uso wa ushindi usio na majivuno. Lakini mimi ni mtoto, sikuwa najua bodi ni mnyama gani.

Bodi ilinong'onezana. Ilinong'onezana muda mrefu. Kisha mwenyekiti akajikohoza, akasema kwamba kwa kuzingatia hali zote, na kwa moyo wa mzazi, na ili jina la shule lisichafuke, bodi imeamua kumsamehe mwanafunzi. Atafanya mtihani. Atasaini karatasi hii ndogo ya kukubali msamaha, itawekwa kwenye jalada, na yaliyopita yamepita.

Makamu akaitikia kwa kichwa, mtu mwenye moyo mkubwa.

Baba yake Baruti alishika kofia kwa mikono miwili. Niliona mabega yake yakishuka, mtu aliyebeba kitu tangu Jumatano akakitua. "Ahsanteni," alianza, "ahsanteni sana, wakubwa, Mungu awa..."

"Baba, usishukuru."

Ilikuwa sauti ya Baruti. Katika miaka yote sikuwahi kuisikia ikimkatiza mtu. Alikuwa amesimama, uso umemwiva.

"Nisamehewe nini?" aliuliza.

"Binti," alisema mwenyekiti, "saini tu. Unataka mtihani, hutaki?"

"Nautaka. Lakini msamaha ukiingia kwenye jalada, wa ufadhili watauliza nilisamehewa nini. Nitawaambia nini? Mtungi?"

"Mwanangu," baba yake alinong'ona kwa sauti ya mtu asiyesikia vizuri, kwa hiyo wote tukasikia, "chukua. Watabadilisha mawazo."

"Wabadilishe. Sikufanya kitu, baba. Waandike hivyo."

"Unakataa huruma ya bodi?" Mwenyekiti hakukasirika. Alishangaa, kama mtu aliyejibiwa na godoro.

"Nakataa kosa, shikamoo," alisema Baruti. Aliiweka ile shikamoo mwishoni kwa hofu tupu, maskini, lakini hakukaa chini.

Mimi nilitaka kusema kitu. Nilikuwa nacho, tena kizuri. Shangazi alinibana paja mpaka nikakimeza.

Basi tukakaa. Mwenyekiti alisema kikao hakiwezi kufungwa bila saini. Baruti alisema atasubiri. Ikapita robo saa. Mmoja wa wale wanne alianza kusoma majina kwenye vikombe vya michezo. Kutoka jikoni ikaja harufu ya vitunguu, kisha ya nyama, kisha mpishi mwenyewe akachungulia mlangoni akasema chakula tayari, na baada ya dakika kumi akachungulia tena akasema kinapoa. Nimesoma vitabuni kwamba haki hushinda kwa nguvu ya ukweli. Sijui. Ninachojua ni kwamba saa saba kasoro dakika tano tumbo la mwenyekiti liliguruma, chumba kizima kikalisikia, naye akavuta karatasi safi.

Akaandika. Akasoma kwa sauti: kwamba mtungi ulipasuka kwa kutokaguliwa, na mwanafunzi tajwa hakufanya kosa lolote wala hakuhusika kwa namna yoyote. Wote watano wakasaini. Shangazi akasaini kama mtaalamu. Baba yake akasaini polepole, kwa vidole vinne, ulimi nje.

Baruti aliisoma karatasi mstari kwa mstari. "Haina muhuri," alisema.

Muhuri hukaa kwenye droo ya makamu. Hakuna mwenye ufunguo ila yeye. Alisimama, akatoka, tukasikia viatu vyake barazani, vikienda, vikikaa muda mrefu, vikirudi. Akaupuliza ule muhuri, akaubonyeza kwenye karatasi bila kumtazama mtu, akanyoosha mkono kumpa.

Baruti aliinyanyua kwenye mwanga wa dirisha.

"Samahani, Mwalimu," alisema. "Haujatoka vizuri. Naomba urudie."

Akarudia.